Faili Lililokataa Kufunguka

Mteja alinitumia faili saa mbili usiku. Mahojiano ya dakika arobaini na kitu, anataka yakatwe, yasafishwe kelele, yarudi kwake kabla ya saa tatu asubuhi. Kazi ndogo tu, lakini pesa yake ilitosha kumnyamazisha caretaker kwa nusu mwezi. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla ya hapo na vibarua vya mtandaoni ndivyo vilivyokuwa vinaniweka mjini.

Faili lenyewe lilikuwa la Audacity, lile la aina ya aup3. Nikasema sawa, Audacity ninayo. Nikalibonyeza. Likakataa.

Laptop yangu ni ThinkPad ya mtumba niliyonunua Luthuli Avenue. Fundi wa pale aliniuliza kama aniwekee Windows ya wizi, nikamwambia hapana, weka Ubuntu. Alinitazama kama mtu aliyeagiza chai bila sukari. Ilikuwa Ubuntu 22.04, toleo la Aprili 2022, na wakati huo lilikuwa bado jipya. Sasa sikiza maajabu. Audacity 3.0, ndiyo iliyoleta mafaili ya aup3, ilitoka Machi 2021. Lakini Audacity iliyokuwa ndani ya ghala la Ubuntu 22.04, mwaka mzima baadaye, ilikuwa 2.4.2. Nilikuwa na mfumo mpya wenye programu ya zamani, na hakuna aliyeona hilo kuwa kosa.

Nikaenda tovuti ya Audacity yenyewe. Kwa watu wa Linux walikuwa na faili moja tu, AppImage, linalosifiwa kwamba linafanya kazi kwenye Linux yoyote bila kusakinishwa. (Kamusi zinasema kusakinisha. Mtaani tunasema kuinstoli. Nitatumia yoyote itakayonijia.) Nikalipakua, nikalipa ruhusa ya kuendeshwa, nikalibonyeza. Kimya. Hakuna dirisha, hakuna lawama, hakuna chochote. Nilipoliita kwa njia ya terminali ndipo likasema shida yake: halioni kitu kinachoitwa libfuse2. Faili la makumi ya megabaiti, lililojibebea kila kitu mgongoni, lilikuwa limekwama kwa kukosa kipande kisichofika hata megabaiti moja.

Usiku ule nilidhani tatizo ni mimi. Baadaye nilipoanza kusoma ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimeangukia katikati ya ugomvi wa miaka thelathini, na kwamba watu wenye akili kunishinda walikuwa wameupoteza usingizi kabla yangu.

Hebu turudi 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, anatangaza Agosti mwaka huo kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwa kujifurahisha. Alichotengeneza hasa ni kerneli, yaani kiini kinachozungumza na mashine. Kerneli peke yake haina faida kwako wewe unayetaka kuandika barua. Inahitaji maelfu ya programu nyingine kuizunguka, na hizo zilikuwa zimetapakaa kwenye seva za vyuo mbalimbali zikiwa katika hali ya msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo bado hayajageuzwa kuwa programu. Ulikuwa unapakua furushi lililobanwa, unalifungua, unaiambia kompyuta yako ilipike lenyewe, halafu unaomba Mungu. Likikwama, unasoma kosa, unatafuta kinachokosekana, unapakua hicho nacho, unakipika, nacho kinakwambia kinamhitaji mwenzake.

Kwa nini programu moja imhitaji mwenzake? Fikiria ploti ya kupangisha yenye bomba moja la maji uani. Wapangaji wote wanachota hapo. Ni nafuu, haina haja kila mtu kununua tangi lake. Programu nazo zinafanya hivyo: badala ya kila moja kubeba uwezo wake wa kufungua picha au kubana faili, zinachota kutoka kwenye maktaba za pamoja zilizo ndani ya mfumo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini diski zilikuwa ndogo na ghali, kwa hiyo kuchangia halikuwa jambo la hiari. Shida inaanza siku mwenye ploti anapobadilisha bomba. Ndoo yako iliyokuwa inaingia vizuri sasa haiingii.

Watu wakachoka kupika. 1992 kukatokea SLS, mkusanyiko wa Linux uliokuja tayari kwenye rundo la disketi. Ulipendwa, na ulikuwa na kasoro za kutosha kuwaudhi watu wawili kwa wakati mmoja. Patrick Volkerding aliusafisha, na Julai 1993 akatoa Slackware, ambayo iko hai mpaka leo na ambayo mpaka leo, kwa ukaidi ninaouheshimu, haikutafutii vitegemezi vya programu. Jitafutie. Wa pili alikuwa Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Indiana, Marekani, mwenye miaka ishirini. Agosti 1993 alitangaza Debian, jina alilolipata kwa kuunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Sijui uhusiano wowote uliowahi kuwekewa mnara mkubwa hivyo. Waliachana baadaye, jina likabaki.

Wazo la Murdock lilikuwa kwamba Linux isikusanywe na mtu mmoja chumbani bali na watu wengi wa kujitolea, kila mmoja akishika kifurushi chake na kukilea. Ili hilo liwezekane lazima kifurushi kiwe na umbo linalojulikana: faili moja lenye programu iliyokwisha kupikwa, pamoja na karatasi inayosema mimi ni nani, toleo langu ni lipi, na ninawahitaji akina nani. Chombo cha kuvishughulikia wakakiita dpkg. Upande wa pili kampuni ya Red Hat ikatengeneza umbo lake, RPM, kazi ya Erik Troan na Marc Ewing, likatoka na Red Hat Linux 2.0 mwaka 1995. Maumbo mawili yanayofanya kitu kilekile na yasiyoelewana. Ukiuliza nani wa kulaumiwa sina jibu, maana hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa anaokoa nyumba yake.

Na bado mtumiaji aliteseka. Dpkg na RPM vilijua kusoma ile karatasi, basi. Vilikwambia kifurushi hiki kinahitaji vingine vitatu, halafu vikakunja mikono. Vitatu hivyo ukavitafute mwenyewe mtandaoni, kwa modemu ya simu, na ukivipata unaambiwa kila kimoja kinahitaji vinne. Wenyewe waliliita jambo hilo jehanamu ya vitegemezi, na wengi walirudi Windows kwa sababu yake.

Kilichowatoa kwenye moto huo ni apt. Watu wa Debian walianza kuitoa 1998, na ikaingia kwenye toleo rasmi la Debian 2.1 mnamo Machi 1999. Apt haikubadilisha umbo la kifurushi. Ilichofanya ni kuweka ghala: mahali pamoja kwenye seva penye vifurushi vyote vilivyokwisha kupatanishwa, na orodha yake. Unaandika jina la programu, apt inasoma orodha, inahesabu nani anamhitaji nani, inashusha wote, inawapanga kwa zamu na kuwasakinisha. Hii ilikuwa miaka karibu kumi kabla ya Apple kufungua App Store ya simu Julai 2008. Kila ninapomsikia mtu akisema Linux iko nyuma huwa namkumbusha hilo, na kila mara hajali.

Upande wa RPM mambo yalichelewa kidogo. Mtu aliyewaletea nafuu anaitwa Seth Vidal, aliyekuwa akisimamia kompyuta za Chuo Kikuu cha Duke. Yeye na wenzake walichukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Yellow Dog Linux, wakakirekebisha, kikaitwa yum. Kwa miaka mingi kompyuta zote za familia ya Red Hat na Fedora zilipata programu zake kwa njia hiyo. Vidal aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli mwaka 2013, akafa. Nimemtaja kwa sababu historia hizi zina tabia ya kumtaja Torvalds na kunyamaza.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ghala ndilo lililotatua shida na ndilo lililozaa nyingine.

Faida yake ilionekana vizuri Machi 2002. Kuna maktaba ndogo inaitwa zlib, kazi yake ni kubana data, na inatumiwa na karibu kila kitu. Ikagunduliwa kuwa na kasoro ya kiusalama. Programu zilizokuwa zinachota zlib kutoka bomba la pamoja zilipona siku ile maktaba moja iliporekebishwa. Lakini kulikuwa na programu nyingine nyingi zilizokuwa zimebeba nakala zao za zlib ndani kwa ndani, na hizo ilibidi zisakwe moja moja na kutengenezwa upya. Kwa walinzi wa Debian na Red Hat hilo lilikuwa somo lisilosahaulika. Tangu hapo ukimwambia mmoja wao kwamba unataka programu yako ije na maktaba zake binafsi, anakutazama kama mpangaji anayetaka kuchimba kisima chumbani.

Hasara yake ndiyo ile niliyokutana nayo mimi. Ili vifurushi vyote vikubaliane lazima vigandishwe pamoja. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000. Huwezi kuruhusu vyote virukeruke kwenda matoleo mapya kila wiki halafu utegemee mashine ya hospitali isizime. Kwa hiyo siku ya kutoa toleo inapokaribia kila kitu kinasimama, na baada ya hapo hurekebishwa hasa kasoro nzito, za usalama kwanza. Kwa seva hiyo ni raha. Kwa kijana mwenye faili la aup3 saa nne usiku, ni ukuta.

Kisha mtazame aliyeandika programu yenyewe. Kwa Windows anatengeneza faili moja, anamaliza. Kwa Linux anatakiwa atengeneze la Debian, la Ubuntu ya mwaka jana na ya mwaka huu, la Fedora, la openSUSE, na kila moja lina maktaba za toleo tofauti. Au asitengeneze chochote, asubiri mlezi wa kujitolea katika kila distro aipende kazi yake na aipate nafasi. Kati yake na mtumiaji kumesimama bawabu, bawabu mwema, asiyelipwa, anayefanya kazi nzuri, lakini bawabu.

Jaribio la kwanza kubwa la kuwapatanisha lilikuwa la makaratasi. Mradi wa Linux Standard Base ulianza 1998, na kanuni zake za toleo la 1.0 zikatoka 2001. Wazo: distro zote zikubaliane mafaili yakae wapi, maktaba zipi lazima ziwepo, ili programu iliyotengenezwa mara moja iendeshwe kote. Kuhusu umbo la kifurushi, kamati ilichagua RPM. Watu wa Debian waliambiwa wanaweza kutumia chombo cha kugeuza kinachoitwa alien. Hebu jiweke mahali pao. Umejenga dpkg, umejenga apt, halafu kamati inakwambia kiwango cha dunia ni cha jirani yako, wewe utapewa mkalimani. Kanuni hizo zilifika hadi kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na Ian Murdock mwenyewe wakati fulani ndiye aliyekuwa akiuongoza mradi. Lakini watengenezaji wa programu hawakuzitumia kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka 2015 Debian ikaacha kujisumbua nazo. Murdock alifariki Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 42.

Jaribio la pili lilitoka kwa vijana wasiongoja kamati. Mwingereza Mike Hearn alianza mradi wa Autopackage mwaka 2002: programu inakuja kwenye faili moja linalojisakinisha lenyewe kwenye distro yoyote, likichunguza kwanza mfumo una nini. Toleo la 1.0 lilitoka 2005. Walezi wa distro walilipokea vibaya, na sikuzote nilipokuwa nikisoma nilitaka kuwa upande wa Hearn, lakini wenzake walikuwa na hoja. Autopackage ilikuwa inapeleka mafaili yake kwenye maeneo yaleyale ambayo apt au yum ilidhani ni yake peke yake. Wapishi wawili, jiko moja, hakuna anayejua mwenzake ametia chumvi. Mradi ulififia, na mwaka 2010 ukaunganishwa na mwingine.

Mjerumani Simon Peter alipita njia nyingine. Mwaka 2004 alitoa klik, na wazo lake lilikuwa jepesi mno kiasi cha kuonekana utoto: usisakinishe kabisa. Programu moja, faili moja. Hulitaki, unalifuta, mfumo wako haujaguswa. Lilipita mikononi mwake kwa majina tofauti mpaka likawa AppImage. Ndilo lililonikwamisha mimi, na bado nasema ndilo wazo ninalolipenda kuliko yote.

Mwaka huohuo wa 2004 mambo mawili yalitokea upande wetu wa dunia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Na Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu ya kwanza, iliyojengwa juu ya Debian na kuitwa jina ambalo Mbantu yeyote anaweza kulinusa: utu.

Mjomba wangu anazo CD za Ubuntu mpaka leo, kwenye bahasha zao za karatasi. Ubuntu ilikuwa na huduma ya ShipIt: unajaza fomu mtandaoni, unatumiwa CD kwa posta, bure kabisa, hata ukitaka kumi. Alijaza fomu hiyo saibakafe, akilipa kwa dakika. Nilimuuliza, sasa CD ikishaingia, ukitaka programu nyingine ulifanyaje? Akacheka. "Ulikuwa unaishi na kile kilicho kwenye CD. Ghala lilikuwa Ulaya, sisi tulikuwa huku."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Maandiko yote ya historia ya apt yanaisifu kwa kuwa ilishusha vitegemezi yenyewe, kama vile kushusha ni bure. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, Kenya ilikuwa inaning'inia kwenye setilaiti, na intaneti ilikuwa ya bei ambayo kizazi changu hakiwezi kuiamini. Debian wenyewe walilijua hili kidogo. Toleo lao la 2005 lilipatikana kwa seti ya CD zaidi ya kumi, na kuna chombo kidogo, apt-cdrom, kinachoifanya CD iwe ghala. Kulikuwa na watu Nairobi waliopitisha seti hizo mkono kwa mkono kama kanda za video. Ubuntu ilisimamisha ShipIt mwaka 2011. Kwa kweli nyaya zilikuwa zimefika, lakini bando halikuwa limekuwa rahisi kwa kiwango hicho.

Kufikia 2014 aibu ilimfikia mwenye nyumba mwenyewe. Torvalds anapenda kupiga mbizi, na mwaka 2011 alikuwa ameanzisha Subsurface, programu ya kuweka kumbukumbu za mbizi. Agosti 2014 akaalikwa kwenye mkutano wa watu wa Debian mjini Portland, Oregon, na alipoulizwa kuhusu Linux ya kompyuta za mezani akafunguka. Alichosema, kwa muhtasari wangu: timu ya Subsurface inatengeneza faili la Windows, inatengeneza la Mac, na haitengenezi la Linux, kwa sababu kulitengeneza kwa kila distro na kila toleo lake ni mateso. Muumba wa Linux anapata urahisi zaidi kuwapa watu wa Windows programu yake. Aliendelea kulalamika kwamba kwenye kerneli wana sheria kali ya kutoharibu kitu ambacho kilikuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji, lakini maktaba zilizo juu ya kerneli haziishiki sheria hiyo. Na akabashiri kwamba huenda atakayeiokoa hali ni Valve, kampuni ya michezo, iliyokuwa imeleta Steam kwenye Linux mwaka uliotangulia, kwa kubeba maktaba zake zote na kutomsubiri mtu.

Kumbuka alikuwa anayasema hayo mbele ya walezi wa Debian, watu waliojitolea maisha yao kwa ghala. Nimetazama video yake mara mbili. Hawakumzomea. Subsurface baadaye ilianza kutolewa kama AppImage.

Mwaka 2016 ndipo suluhisho lilipokuja, na kwa kuwa hii ni Linux, yalikuja mawili kwa pamoja. Aprili, Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, ikaleta Snap kwenye Ubuntu 16.04. Mei, mradi wa Alexander Larsson wa Red Hat ukapewa jina jipya, Flatpak. Larsson hakuwa mgeni, alikuwa akijaribu wazo la programu za faili moja tangu 2007.

Yote mawili yanasema kitu kimoja: tuache bomba la uani, kila programu ije na maji yake, na iishi ndani ya kuta zake isichungulie mafaili yako bila ruhusa. Tofauti iko kwenye tangi. Flatpak inaweka matangi makubwa machache, yanaitwa runtime, na programu nyingi zinaweza kuchota kwenye tangi moja. Inakubali maghala mengi, ingawa watu wengi wanatumia moja, Flathub. Snap nayo ina tangi lake la msingi, lakini duka lake ni moja, linaendeshwa na Canonical, na programu ya seva ya duka hilo si huria. Hapo ndipo vita vilipoanza. Watu waliohama Microsoft ili wasishikiwe funguo na kampuni moja hawakufurahi kuona funguo mpya. Mwaka 2020 Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu yenyewe, ikaizuia Snap isiingie bila idhini ya mtumiaji, baada ya kifurushi cha kawaida cha kivinjari cha Chromium kugeuzwa kuwa mlango wa kuingizia Snap kimyakimya. Ubuntu haikurudi nyuma. Kwenye 22.04, ile yangu, hata ukiandika apt na jina la Firefox, utapewa Snap. Na ilikuwa inafunguka polepole, hilo nitalishuhudia popote.

Flatpak inaelekea kushinda kwa watumiaji wa kawaida. Valve ilipotoa kifaa chake cha michezo, Steam Deck, mwaka 2022, sehemu ya kusakinishia programu za kawaida ilitumia Flathub. Ubashiri wa Torvalds ulitimia kwa njia ya kupinda.

Sasa rudi chumbani kwangu, saa sita kasoro usiku. Sikujua habari za libfuse2 kwamba ningeiweka kwa amri moja kutoka ghala lilelile la zamani. Mtu mmoja kwenye kikundi cha WhatsApp aliniandikia, "Achana na hiyo, weka Flatpak." Ubuntu haiji na Flatpak, kwa hiyo nikaiweka kwanza. Kisha nikaiambia iniletee Audacity. Ikaniorodheshea vitu itakavyoshusha: programu yenyewe, halafu runtime, halafu vidude vingine vya picha na lugha. Jumla ilikuwa mamia ya megabaiti. Kwa mtu wa Berlin mwenye waya ukutani hiyo ni dakika moja. Mimi nilikuwa na bando la simu la mpaka usiku wa manane. Nilikubali kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na nikakaa nikiangalia asilimia zikipanda. Zilifika sabini na kitu, bando likaisha.

Hakuna mhandisi aliyekaa akapanga kuniumiza. Hoja ya runtime ni kwamba unalipa mara moja, na programu ya pili, ya tatu, zitakuta tangi limejaa. Ni kweli. Nina Flatpak tisa sasa, na za mwisho ziliingia kwa data kidogo tu. Lakini gharama ya mlango wa kwanza ndiyo inayoamua nani anaingia. Mwaka 1993 walichangia maktaba kwa sababu diski ilikuwa ghali. Diski ikashuka bei, wakaacha kuchangia, na waliofanya hesabu hiyo waliona data nayo imeshuka vilevile, kwa sababu kwao ilikuwa imeshuka.

Asubuhi nilienda kwa mjomba kuomba wifi. Akatazama ile terminali yangu, akavaa miwani, akasoma neno libfuse2 kwa sauti kama anayesoma jina la mgonjwa. Akaandika amri moja. Sekunde tatu. AppImage iliyokuwa imekaa kimya usiku kucha ikafunguka, na faili la aup3 ndani yake, mawimbi yote ya sauti yakiwa yamelala yakingoja.

Ilikuwa saa nne. Mteja alikuwa ameshampa mtu mwingine, mwenye Windows.